Gonga Ili Usikie

Mulunda mwanangu,

Mashati yako nimeyapiga pasi, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kula njiani wamekauka vizuri. Mambo ya kumeza kinini, ya kuchemsha maji na ya kutolala fofofo treni ikisimama Kabalo, shangazi yako Nyota amejiandaa kukuambia kesho stesheni, tangu mtakapofika mpaka filimbi ilie. Sitaki kumwibia kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, ni refu, na kwa mdomo limenishinda tangu Jumamosi. Ndiyo maana nimekaa mezani na taa wakati wewe umetoka kuaga marafiki zako upande wa Katanika.

Jumamosi, tamasha lako la kuaga lilipokwisha pale ukumbi wa parokia, uliniuliza, "Mama, umeona namna gani?" Jasho lilikuwa linakutiririka, vijana walikuwa wamekubeba mabegani, na ulipotua chini ulinijia mimi kwanza kabla ya wote. Hilo nililiona, usifikiri sikuliona. Nikakujibu, "Ulikimbia sana." Uso wako ukafunga kama duka. "Mama, hii njo rock," ukasema. "Haiko rumba ya Papa." Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Kesho unakwenda Lubumbashi kujaribiwa na orkestra ya rock, na sitaki uende na maneno yangu yale peke yake. Yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu, na nusu niliyoibakiza ni ile inayonihusu mimi.

Sitakuambia haraka haraka haina baraka. Hiyo umeisikia tangu shule ya msingi na sijaona imekusaidia kitu. Mkono wako ni mwepesi, na wepesi huo ni zawadi, nani asiyejua hapa Kalemie? Hata padri alikuja kuniuliza kwa upole kama kijana anaweza kupiga namna ile bila kuvuta majani. Nilimwambia unakunywa chai tu, nyingi na tamu, na akaenda zake hajaamini.

Utasema mama hajawahi kushika kijiti cha ngoma. Ni kweli. Lakini nimesimama miaka mbele ya batri, mbele ya ngoma zile zote na sahani zake za shaba, kabla wewe hujazaliwa. Mwimbaji hamwoni mpiga batri. Anamjua kwa mgongo. Yuko anayekusukuma kama mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ya unga, na yuko anayekuegemea mpaka unachoka kumbeba. Na yuko mmoja ambaye ukisimama mbele yake unahisi kama umewekewa kiti, ingawa umesimama. Mimi nilipata bahati ya kuimba mbele ya mmoja wa aina hiyo, na sikumtambua. Huyo ndiye papa yako, baba aliyekuzaa.

Nilitoka Kabimba nikiwa msichana, na vumbi la chokaa bado kwenye nywele, nikaja mjini kukaa kwa dada yangu. Orkestra iliyonichukua niimbe ilikuwa inapiga kila Jumamosi katika klabu ya wafanyakazi karibu na bandari. Mabaharia walituletea santuri kutoka Kigoma, za rock, za soul, za kila kelele iliyokuwa inachezwa na vijana wa dunia siku hizo. Wewe unafikiri rock ilizaliwa na wewe. Papa yako alikuwa na suruali pana chini kiasi cha kufagia baraza, na mimi nilikuwa ninaimba Kiingereza ambacho sikujua hata neno moja. Nilikariri sauti tu. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma aliwahi kucheka mpaka akamwaga bia yake.

Papa yako Ngoy ndiye aliyemfuata mtu huyo baada ya kucheka. Alimwomba amweleze wimbo mmoja, ule tuliokuwa tunaupiga kwa nguvu kuliko zote, watu wakiruka. Yule bwana akamwambia ni wimbo wa mtu aliyerudi kwao baada ya miaka, akabisha hodi, akakuta nyumba ina watu wengine. Sote tuliona ni hadithi tu. Wiki iliyofuata nikiwa katikati ya wimbo ule nilihisi kitu kimepungua mgongoni. Zile sahani za shaba zilikuwa zimenyamaza. Ngoma kubwa ya mguu ilikuwa inapiga vilevile, nzito, na ile ndogo ilikuwa inajibu, basi. Haikuwa polepole, Mulunda, nisikilize vizuri. Mwendo ulikuwa uleule. Lakini sasa palikuwa na mlango katika wimbo ule na mtu alikuwa anaubisha. Watu waliacha kuruka, wakawa wanacheza wameinamisha vichwa. Nilimkasirikia. Nilitaka waruke, kwa sababu wakiruka wananitazama mimi.

Mchana kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Nadhani unakumbuka, ulikuwa unampelekea chakula pale kwenye reli. Alitembea kando ya mabehewa na nyundo yake ya mpini mrefu, akagonga gurudumu, akainamisha kichwa, akasonga kwenda jingine. Gurudumu zima hulia na sauti yake hukaa hewani kidogo. Lenye ufa hukata sauti mara moja. Siku moja nilimtania, nikamwambia, "Ngoy, kazi yako wewe ni kupiga chuma tu." Akacheka. "Hapana, Feza," akasema. "Kupiga njo kidogo. Miye wananilipa juu ya kusikia."

Nimeliweka neno hilo miaka yote, na nakupa wewe. Wapigaji wengi wanagonga ili wasikiwe. Papa yako aligonga ili asikie. Aligonga ngoma, kisha akainamisha kichwa, akasikiliza gitaa limejibu nini, besi imejibu nini, mimi nimebakiza pumzi kiasi gani, na watu kule mbele wamechoka au bado. Pigo lililofuata lilitoka katika alichosikia. Ndiyo maana hakuwahi kupiga wimbo mmoja sawasawa Jumamosi mbili, na ndiyo maana wasioelewa walisema hajui kitu.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasioelewa. Alikuja kijana mmoja kutoka Kolwezi, jina lake Kitenge. Mikono yake ulikuwa huioni. Alirusha kijiti juu, akakidaka mgongoni, akaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Wasichana walisogea mbele. Orkestra ikakaa kikao, mkubwa wetu mpiga gitaa akauliza nani anataka Kitenge akae kwenye batri badala ya Ngoy, na mimi nilinyanyua mkono. Papa yako alikuwa amekaa palepale. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuanza kuzungumza habari za ndoa, mimi na yeye, na bado nilinyanyua mkono. Alitazama mkono wangu, akasema tu, "Sawa, bandugu," akavikusanya vijiti vyake, akampa Kitenge.

Jumamosi ya kwanza ya Kitenge, klabu ilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Aliwasha moto, siwezi kusema uongo. Nilikuwa ninaimba nikimfukuza, na jasho, na furaha ya kukimbizwa. Katikati ya wimbo wa nne au wa tano, umeme ukakatika. Wewe umezoea, mnawasha jenereta. Siku zile hatukuwa nayo. Gitaa likafa, besi ikafa, kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Orkestra ya rock umeme ukikatika, Mulunda, kinachobaki ni ngoma na koo la mtu.

Kitenge alipoona wengine wote wamenyamaza, aliona saa yake imefika. Alipiga kila kitu alichokuwa nacho. Watu walishangilia gizani, kisha wakaanza kukanyagana, kwa kuwa hakuna aliyejua mguu uende wapi. Wakaacha kucheza, mmojammoja. Kitenge akaendelea. Halafu na yeye mkono ukachoka, kama mikono yote inavyochoka, akaacha ghafla, na pakawa kimya. Nilisimama pale mbele ya watu wote na kipande cha chuma mkononi. Sikuweza kuanza.

Ndipo kule nyuma, penye kreti za bia, mtu akaanza kupiga kwa viganja juu ya kreti. Polepole, na chini kabisa, kama mtu anayeita bila kutaka kuamsha mtoto. Mapigo mawili, halafu nafasi. Mapigo mawili, halafu nafasi. Niliujua mkono ule kabla kichwa changu hakijafikiri. Na ile nafasi ilikuwa kubwa kama mimi. Niliingia. Niliimba bila kipaza sauti, kwa koo langu la Kabimba, na watu wakanyamaza ili wanisikie, na kisha wakaanza kucheza tena gizani, taratibu, bila kumkanyaga mtu, mpaka wakaleta taa za petroli.

Tulipotoka nje nilimuuliza, "Ulijua namna gani kama nitaimba?"

Akasema, "Sikujua. Niliacha nafasi tu. Ukitaka uingie, ukikataa ubaki."

Sikumwomba msamaha, na yeye hakudai. Walimrudisha kwenye batri, tukaoana, ukazaliwa wewe. Kitenge alirudi kwao, na simsemi vibaya, alikuwa na mikono kuliko wapigaji wote niliowaona mpaka nilipokuona wewe. Nakueleza haya kwa kuwa sahani za papa yako umezirithi na hadithi hii hukuirithi. Tulikuwa tunangoja ukue. Tulifikiri yeye atakusimulia, na angeisimulia vizuri kuliko mimi, maana angejificha ndani yake.

Sasa nafika mahali pagumu.

Papa yako alipokuwa mgonjwa, tumbo limevimba na miguu imebaki fito, ulikuwa na miaka kumi na minne. Jioni nilimwimbia hospitali, polepole, ili wagonjwa wengine wasilalamike. Alipiga kwa vidole ubavuni mwa kitanda. Siku za mwisho sauti yangu ilikuwa inakatika katikati ya mstari kwa kulia, na kila ilipokatika vidole vyake vilipunguza, vikasubiri, vikanipokea niliporudi. Mtu aliyekuwa anakufa, ananisubiri mimi. Sijui kitu kingine cha kukuambia kuhusu ukubwa wa mpiga ngoma. Kama mtu akikuuliza Lubumbashi papa yako alikuwa nani, mwambie hilo tu.

Halafu ikawa matanga. Unajua mwanamuziki hazikwi kimya. Rafiki zake walileta magitaa, wakaweka batri yake chini ya turubai uani, na wewe ukakaa kwenye kiti chake kabla mtu mzima yeyote hajakikaribia. Hakuna aliyethubutu kukutoa. Ukapiga. Mungu wangu, ulipiga. Ulikuwa unapiga kama mtu anayetaka kubomoa nyumba kwa kuwa kuna mtu amefungiwa ndani. Watu waliacha kulia wakaja kukutazama, wakakubandika noti kwenye paji la uso, wakasema Ngoy hakufa, Ngoy yuko palepale. Na wewe ulifumba macho.

Kwetu ngoma ya kilio ina mahali pake pa kushuka, na papa yako alipajua kuliko wote, wewe hukuwa umefundishwa bado. Mjane akisimama, akaweka mikono kichwani, wapigaji hushusha. Hawaachi. Hushusha tu, ili amwite mume wake kwa jina na jina lisikike mpaka barabarani. Anaita, wanamngoja, akikaa wanapandisha. Mimi nilisimama nikaweka mikono kichwani. Ngoma haikushuka. Nikaita, na sikusikia sauti yangu mwenyewe. Nikakaa. Alfajiri nikasimama tena, ikawa vilevile, shangazi yako Nyota akanishika kiuno akaniketisha. Tukamzika bila mimi kumwita.

Nisikilize kabla hujakasirika, au kabla hujalia, maana nakujua. Sikulaumu. Ulikuwa mtoto na ulikuwa unampigia papa yako kwa njia pekee uliyokuwa nayo. Kosa ni la yule aliyekuwa mtu mzima, na huyo ni mimi. Ningekuja kukushika bega. Ningekuambia siku ya pili yake, au mwezi wa pili. Badala yake nilifanya nini? Nilizikusanya ngoma, nikazifungia stoo, nikaweka kufuli, nikawaambia watu ni kwa ajili ya msiba, hazitapigwa mpaka matanga yamalizike. Watu waliniona mjane mwenye heshima. Ukweli ni kwamba sikuweza kuzisikia zikipigwa na wewe. Nilikuwa na hasira na mtoto wangu aliyefiwa, na nikaifunga hasira hiyo stoo pamoja na ngoma.

Mwaka mzima na zaidi ulijifunza nyuma ya nyumba, juu ya mabeseni yangu na kopo la mafuta. Nilikusikia kila jioni nikipika. Gitaa hakuna, besi hakuna, mwimbaji hakuna. Mwimbaji alikuwa hatua chache kutoka hapo, anakoroga bugali, amefunga mdomo. Anayepiga peke yake hana wa kumngoja, Mulunda. Kila siku unajishinda wewe mwenyewe wa jana, na njia ya kumshinda ni moja, mbio. Ukawa na mikono ile ambayo Kalemie nzima inaisifu. Siku nilipokufungulia stoo ulikuwa umekwisha kuwa vile ulivyo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Jumamosi nilipokuambia ulikimbia sana, nilikuwa ninakulaumu kwa mwendo niliokufundisha mimi.

Jumamosi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Wewe ulifumba macho tangu wimbo wa pili. Mimi nilimtazama Sifa, yule binti anayewaimbia. Ana sauti nzuri, ana kitu cha kusema. Katika ule wimbo wenu wa mwisho alifika mahali akageuka nyuma kukutazama. Alikuwa anaomba pumzi. Hukumwona. Akageuka mbele, akaruka mstari mzima, akauwahi unaofuata kama mtu anayekimbilia lori lililokwisha kuondoka. Watu hawakujua kwamba mstari umepotea. Mimi nilijua. Nilikuwa kule nyuma na mikono yangu ilitaka kwenda kichwani.

Sasa wanamuziki wa Lubumbashi watakujaribu. Watakupenda siku ya kwanza kwa mikono yako, hilo sina wasiwasi nalo. Ninachoogopa ni mwezi wa tatu, wakati kila mtu amekwisha kuizoea mikono. Wakati huo watataka kujua kama unaweza kupiga pigo moja, rahisi, la mtoto wa shule, wimbo mzima, bila kuona aibu, kwa sababu wimbo unataka hilo. Watataka kujua kama mpiga besi akikosea unamwanika mbele ya watu au unapiga kwa namna ya kumfunika. Papa yako alifunika makosa yangu mengi hivi kwamba miaka ya kwanza nilidhani sikosei. Utapiga mbele ya watu elfu, na utapiga mbele ya wahudumu watatu wanaofuta meza, na wale watatu wanastahili kitu kilekile. Utataka sana kupita mbele. Kiti chako kiko nyuma, mwanangu, na anayekaa nyuma ndiye pekee anayewaona wote. Fumbua macho.

Na rock usiidharau kwa kuifanya kelele. Ulisema haiko rumba ya Papa. Ni kweli, ina nguvu kuliko rumba, na kwa sababu hiyo inahitaji nafasi zaidi. Mtu anayenong'ona akinyamaza hakuna anayeshtuka. Mtu mwenye sauti kubwa akinyamaza, nyumba nzima inageuza shingo. Papa yako alipiga kwa nguvu kiasi cha kupasua ngozi ya ngoma, usidanganywe na upole wake. Lakini alijua kunyamaza katikati ya nguvu, na hapo ndipo watu walipokuwa wanapata mahali pa kuweka huzuni zao, waliyekosana naye, waliyempenda, mtoto waliyemzika. Wanakuja Jumamosi na mizigo yao, na mpiga batri ndiye anayewaonyesha pa kuitua. Ukijaza kila mahali kwa mikono yako, watakupigia makofi na watarudi nayo nyumbani. Mimi nilirudi nao wangu. Ninao mpaka leo.

Sijaimba tangu hospitali. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, na ninakushukuru, na pia imeniuma. Nyumba hii imekuwa na mpiga ngoma na mwimbaji miaka mitano, na hawajawahi kupiga wimbo mmoja pamoja. Nikifikiria kwamba kesho behewa litakuchukua hilo likiwa hivyohivyo, moyo wangu unakataa.

Kwa hiyo nimefanya kitu. Ukiingia utaona kiti changu kimetolewa nje ili ukikalie wewe. Batri ya papa yako nimeiweka uani, palepale lilipokuwa turubai, nikaifuta vumbi, na barua hii nimeiacha juu ya ngoma ndogo ili usiweze kukaa bila kuisoma. Majirani nimewaomba radhi. Yule wa upande wa kushoto amenuna, lakini amenuna tangu tulipohamia, atavumilia siku moja zaidi. Shangazi yako ameketi mkekani pamoja nami. Hakuna atakayekubandika noti.

Kaa. Chukua mwendo wowote unaoutaka, hata wa rock yako, sitachagua. Ila usifumbe macho. Nitaimba kidogo, koo limeshika kutu, usinicheke. Halafu nitasimama na kuweka mikono kichwani, na wewe utashusha. Usiache kupiga, shusha tu. Huenda nikachelewa kuita, maana jina lile sijalitamka kwa sauti tangu siku ile. Usijaze. Nisubiri.

Mimi, mama yako,
Feza